Kisanduku cha Jina la Pili

Baba yangu, Bauma, alisoma mita kwa miguu.
Ndosho, Katoyi, Majengo, mpaka Buhene,
mawe ya volkano yakila soli za viatu:
jozi tatu kwa mwaka, kampuni ikalipa moja.
Daftari lake lilijaa tarakimu,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi,
mambo ambayo hakuna aliyemwomba ayaandike:

*mbwa wa Nsimire anauma akiwa na njaa tu*
*piga hodi mara mbili, mzee hasikii*
*leo usikate, kuna matanga*
*analipa polepole. analipa*

Na ukurasa wa Buhene, baada ya lava ya mwezi wa tano:
*nyumba haipo. mita haipo. tarakimu ya mwisho 04417.*
Akapiga mstari chini yake, kwa rula,
kama anayefunga hesabu ya marehemu.

Kisha zikaja mita mpya ndani ya maboksi,
za kijivu, zenye kijicho chekundu cha kukonyeza.
Zinajisoma. Zinajituma ofisini zenyewe.
Salio likiisha zinakata saa sita usiku,
bila hodi,
bila kuuliza kama ndani mna matanga.
Baba akapewa cheti, saa ya ukutani
na mkono wa mkurugenzi.

Kiti nikapewa mimi.
Orofa ya pili, feni, skrini mbili.
Mji mzima umekuwa nukta:
za kijani wana salio, nyekundu limewaishia.
Wiki tatu niliwahamisha wateja elfu mbili na mia sita
kutoka daftarini kwenda mashineni,
na mashine ikauliza: Jina. Namba. Simu.
Habari za mbwa haikuuliza.

Lakini palikuwa na kisanduku kitupu, Jina la Pili,
na mimi ni binti wa Bauma.
Nikaandika humo, mstari kwa mstari.
Nani angeona?

Jumapili moja mashine ikajifunza adabu.
Ikaanza kuwaandikia wateja kwa majina yao yote.

*Mpendwa Nsimire Mbwa Anauma Akiwa Na Njaa Tu,*
*salio lako ni faranga 300.*

*Mpendwa Ndoole Leo Usikate Kuna Matanga,*
*umeme wako umekatwa. Asante.*

Jumatatu foleni ilitoka mlangoni,
ikavuka barabara, ikawafikia wauza sambaza.
Huyu anafoka, yule anacheka mpaka anajishika mbavu,
Nsimire amekuja na mbwa mwenyewe.
Ndoole hakusema kitu. Aliweka simu mezani,
maneno yakinitazama mimi.
Mkurugenzi akashuka ngazi mbili mbili: nani?
Nikanyoosha kidole kama mtoto wa shule.

Mwisho wa foleni, Mama Kavugho,
muuza makala, mikunjo ya vidole imeshika weusi,
simu ameishikilia mbali kama sufuria ya moto.
"Nisomee. Mwanangu amenisomea, sikumwamini."
*Mpendwa Kavugho Analipa Polepole Analipa.*
"Rudia lile la mwisho."
Analipa.
"Aliyeandika ni nani?"
Nikamwambia.
Akainamia skrini muda mrefu,
akitafuta, nadhani, alama ya kalamu ya risasi.
Kisha akafungua pindo la kitenge,
noti za mia tano, tano, laini kama kitambaa,
nikampa tarakimu zake ishirini.
Karatasi hakutaka.
Alishuka ngazi akizitamka, nne nne,
asije akazimwaga njiani.

Kufikia jioni fundi alikuwa amekifuta kisanduku,
nami nina barua ya onyo, nakala mbili, mhuri.

Nikamsimulia baba yote, onyo pamoja na foleni.
Alisikiliza mpaka mwisho, saa ya ukutani ikigonga,
akauliza jambo moja tu:
"Kumbe yule mbwa bado yu hai?"
Akanyoosha mkono, akatafuta kalamu.